Kuuzunguka Luberon kwa Baiskeli

Juu ya mji wa Cavaillon, kusini mwa Ufaransa, kuna kilima chenye kikanisa cha mawe cha karne ya 12, kilichowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yakobo. Kutoka huko mtu huona tambarare za mto Durance na mlima Luberon unavyoelekea mashariki kwa takriban kilomita 60; kilele chake, Mourre Nègre, kina urefu wa meta 1,125. Kaskazini ya mlima unapita mto Calavon, mashariki mto Largue, kusini Durance yenyewe. Kijito kiitwacho Aigue Brun kimeukata mlima katikati, kikaugawa kuwa Luberon Ndogo na Luberon Kubwa.

Njia ya baiskeli inauzunguka mlima huu wote. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 230 na inaanzia Cavaillon, kupitia Apt, Forcalquier, Manosque na Lourmarin, hadi kurudi Cavaillon. Haikuhitaji barabara mpya ya fahari. Imeunganisha vijia vya mashambani na barabara ndogo za vijiji, ikawekewa vibao vyeupe kwa anayezunguka upande mmoja na vibao vya rangi ya udongo kwa anayezunguka upande wa pili. Eneo lenyewe ni hifadhi ya kimkoa tangu mwaka 1977.

Uzuri wake unajulikana: mizabibu, mashamba ya lavenda, vijiji vilivyong'ang'ania miamba. Lakini thamani kubwa ya njia hii ni kwamba inazunguka. Asiyeona ila upande wa kaskazini hukutana na historia ya Warumi, watawa na mahujaji. Anayeendelea hadi kusini hukuta vijiji vilivyochomwa moto na jeshi la mfalme wao wenyewe. Historia hizo mbili ni za mlima mmoja, na nusu moja haieleweki vizuri bila nyingine.

Safari ya kaskazini inafuata njia ya kale sana. Bonde la Calavon lilikuwa pito la Via Domitia, barabara ya Warumi iliyounganisha Italia na Hispania. Kilomita chache kabla ya Apt, barabara hiyo inavuka mto juu ya Pont Julien, daraja la matao matatu lililojengwa mwaka 3 Kabla ya Kristo. Inafaa kushuka kwenye baiskeli na kulitazama kutoka chini. Mawe yake ya chokaa yalichongwa yakalingana, na tao hubebwa na uzito wa mawe yenyewe. Juu ya kila nguzo ya katikati mafundi waliacha tundu kubwa. Calavon ni mto wa hila: wakati wa kiangazi mtu anaweza kuuvuka kwa miguu, ila mvua kubwa ikinyesha huja kwa kishindo na kupanda hadi kifuani mwa daraja. Matundu yale huyapitisha maji ya mafuriko yasije yakalisukuma daraja likaanguka. Hesabu ya mafundi hao ilikuwa sahihi, kwani magari yaliendelea kupita juu yake hadi mwaka 2005, lilipojengwa daraja jipya kando. Siku hizi la zamani ni la waenda kwa miguu na waendesha baiskeli.

Sehemu ya njia ya bondeni imewekwa mahali palipokuwa reli, na ndiyo sababu haina miinuko mikali. Treni za reli hiyo zilibeba, pamoja na mengine, udongo wa rangi uliowapa watu wa Roussillon, Gargas na Rustrel riziki yao. Mwishoni mwa karne ya 18, Jean-Étienne Astier wa Roussillon alianza kuuchimba na kuuandaa kwa ajili ya kuuzwa. Kazi yenyewe ilitaka maji na subira. Mchanga ulisukumwa kwa maji. Chembe nzito zikazama, na maji yenye rangi yakaendelea hadi kwenye mabwawa. Humo rangi ilitulia chini, ikaachwa ikauke kwa jua na upepo, kisha ikakatwa vipande kama matofali. Udongo uliotakiwa kuwa mwekundu ulichomwa tanuruni, kwa kuwa moto hugeuza manjano ya kutu ya chuma kuwa wekundu. Rangi za viwandani zilipoenea katika karne ya 20, biashara hiyo ilififia, lakini mahandaki yaliyochimbwa kwa sururu huko Bruoux, Gargas, bado yapo, na dari zake zimechongwa kwa matao kama ya kanisa.

Karibu na kijiji cha Goult kuna kanisa la Notre-Dame de Lumières, Bikira Maria wa Mianga. Masimulizi ya mahali hapo yanasema kwamba mwaka 1661 mkulima mzee aliyekuwa mgonjwa aliona mianga juu ya magofu ya kikanisa cha zamani, akapona. Mahujaji wakaanza kumiminika. Wengi waliacha picha ndogo zilizochorwa kutoa shukrani: mtu aliyeanguka kutoka kwenye mkokoteni akanusurika, mtoto aliyeinuka kitandani. Mamia ya picha hizo zimehifadhiwa, na ndani yake mna nguo, vitanda na zana za watu wa kawaida ambao hakuna mwandishi aliyeshughulika nao.

Baada ya Apt njia hupanda, na vijiji huwa mbali kimoja na kingine. Karibu na Céreste, katika kibonde kilichojificha, yako mabaki ya nyumba ya watawa ya Carluc, iliyoanza katika karne ya 11. Hapo makaburi yamechongwa ndani ya mwamba wenyewe, mengine kwa umbo la mwili wa mwanadamu, yakipangana kwenye ujia ulioelekea kanisani. Céreste ndiko mshairi René Char alikoongoza wapiganaji wa msituni dhidi ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akijulikana kwa jina la Kapteni Alexandre. Mbele zaidi, Mane, nyumba ya watawa ya Salagon imekuwa makumbusho ya maisha ya wakulima, na bustani zake zinaonyesha mimea ambayo wanakijiji waliitumia kwa chakula na dawa.

Njia hugeukia kusini baada ya Forcalquier. Manosque, mji alikozaliwa mwandishi Jean Giono mwaka 1895, mwana wa fundi viatu, ndio lango la upande wa pili.

Hapo mandhari hubadilika na historia pia. Mwishoni mwa karne ya 15, sehemu kubwa ya ardhi ya kusini ilikuwa imebaki ukiwa kwa sababu ya tauni na vita. Mabwana wenye mashamba waliwaita wakulima kutoka milima ya Alps waje kulima na kujenga upya. Wengi wao walikuwa Wavaldo, wafuasi wa Valdo, mfanyabiashara wa Lyon ambaye katika karne ya 12 aligawa mali yake na kutaka Maandiko yasomwe katika lugha ya watu. Kanisa lilikuwa limewatenga kwa karne tatu. Wahubiri wao walitembea wawili wawili, kwa siri, kutoka nyumba hadi nyumba. Hawakuwa na makanisa. Ndiyo maana vijiji vyao vya zamani havikuacha minara.

Mwaka 1532, katika mkutano wa Chanforan kwenye Alps, Wavaldo walijiunga na Matengenezo ya Kiprotestanti. Walichanga fedha kwa ajili ya Biblia ya Kifaransa, iliyotafsiriwa na Olivétan na kuchapwa mwaka 1535. Kutoka mafichoni kwao walikuwa wamejitokeza hadharani.

Adhabu haikukawia. Tarehe 18 Novemba 1540, mahakama kuu ya Provence iliyokaa Aix ilitoa hukumu dhidi ya kijiji cha Mérindol: nyumba zibomolewe, miti ikatwe. Mfalme François wa Kwanza aliisimamisha hukumu hiyo, kisha mapema mwaka 1545 akaruhusu itekelezwe. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Jean Maynier, bwana wa Oppède na rais wa mahakama ile ile iliyohukumu. Mwezi Aprili jeshi liliteketeza kijiji baada ya kijiji. Mérindol ilichomwa tarehe 18. Siku mbili baadaye ikaanguka Cabrières, ng'ambo ya mlima, katika ardhi iliyokuwa chini ya Papa. Watu kwa maelfu waliuawa au kukimbia, na mamia ya wanaume wakapelekwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme.

Kesi ilifunguliwa Paris mwaka 1551, baada ya mfalme huyo kufariki. Maynier aliachiwa huru.

Oppède, kijiji cha Maynier, kiko upande wa kaskazini, na kila anayeendesha baiskeli kutoka Cavaillon hukipita mapema katika safari yake. Ngome yake iliyobomoka inapendeza sana kwenye picha. Ni vigumu kuitazama vivyo hivyo baada ya kufika Mérindol.

Baadhi ya walionusurika walirudi. Lourmarin, kwenye mdomo wa bonde la Aigue Brun, ilibaki na Waprotestanti wengi, na hekalu lao la mwanzoni mwa karne ya 19 bado limesimama, kuta zake zikiwa hazina sanamu wala picha. Katika makaburi ya kijiji hicho amezikwa mwandishi Albert Camus, aliyenunua nyumba hapo mwaka 1958 na kufa katika ajali ya gari tarehe 4 Januari 1960.

Wageni wengi wa Luberon hukimbilia vijiji vya Gordes na Roussillon, kisha huondoka wakiamini wameuona mlima. Kutoka Lourmarin hadi Mérindol, kupitia Lauris na Puget, ni mwendo mfupi. Mérindol ya leo iko chini, bondeni. Ile ya mwaka 1545 iko juu kilimani, na kijia cha kuifikia hupandwa kwa miguu. Hakuna sehemu nyingine ya mzunguko huu inayostahili zaidi baiskeli iegeshwe na saa nzima itumike.