Askari Wetu wa Vita Kuu ya Pili na Habari za Jamaa Zao

Kurasa nyingi za taarifa ya mwaka ni za fedha: ada zilizoingia, misaada waliyopewa wagonjwa na wafiwa, na madeni yaliyosalia. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haijafungwa bado, nayo ni hesabu ya watu. Yafaa sisi wa Nawoitorong na Lodwar, pamoja na ndugu zetu wa Kakuma, tuitazame hesabu hiyo maadamu wako wazee wanaoweza kuisimulia. Ni hesabu ya askari waliokwenda katika Vita Kuu ya Pili, na ya jamaa waliobaki nyumbani wakingoja habari zao.

Vita vile vilitufikia mapema. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni, 1940, nchi ya Turkana ilikuwa inapakana na Ethiopia, ambayo Waitalia waliitwaa mwaka 1936. Lokitaung ikawa kituo cha jeshi. Malori yalitoka Kitale, mwisho wa reli, yakapita Lodwar yamebeba risasi na posho. Kutoka upande wetu huu Brigedi ya 25 ya Afrika ya Mashariki ilisonga mbele mapema mwaka 1941, magharibi ya ziwa, ikavuka mpaka kuuelekea mji wa Maji katika Ethiopia. Addis Ababa ilitwaliwa tarehe 6 Aprili mwaka huohuo, na Gondar, ngome ya mwisho ya Waitalia, ikaanguka tarehe 27 Novemba. Basi Mturkana hakuhitaji kusafiri ili avione vita. Vilipita mbele ya boma lake.

Askari hao walikuwa wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya. Kabla ya vita kwisha jeshi hilo lilikuwa na batalioni 43, na katika Kenya peke yake Waafrika karibu 98,000 walitumika katika majeshi ya namna zote: wapiganaji, madereva, wapishi, wachimba barabara na wabeba majeruhi. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipelekwa Ceylon, na Brigedi ya 25 ikiwamo. Mwaka 1944 ikaingia Burma, ambayo sasa huitwa Myanmar, ikalifuata bonde la Kabaw wakati wa masika, njia zikiwa matope matupu.

Huulizwa mara kwa mara kama askari wetu walikuwa wa miavuli. Sivyo, Keya walikwenda kwa miguu. Lakini miavuli waliijua vizuri, maana katika bonde lile malori hayakuweza kupita, na chakula, risasi na dawa viliangushwa na ndege kutoka juu. Mwezi wa Desemba, 1944, waliuvuka mto Chindwin penye Kalewa, na hapo pakajengwa daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,150.

Si wote waliofika huko. Tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki.

Sasa tufikiri juu ya wale waliobaki nyumbani. Askari aliruhusiwa kutenga sehemu ya mshahara wake ili jamaa yake walipwe kwa ofisi ya D.C. Fedha hizo zilikuwa msaada, tena zilikuwa habari: zilipofika, mama alijua kwamba jina la mwanawe lingali katika daftari. Barua nazo zilikuwapo, lakini zilipitia mikono mingi. Asiyejua kuandika alimwomba mwenzake amwandikie. Kisha ofisa wa jeshi aliisoma barua kabla ya kuiruhusu kwenda. Na ilipofika ilimtaka msomaji mwingine. Katika nchi yetu wasomaji walikuwa haba sana. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii ila kwa ruhusa, na misheni hazikupata nafasi ya kufanya kazi kubwa hapa mpaka baada ya njaa ya mwaka 1960 na 1961. Kwa hiyo mzee wa Kiturkana alipopata karatasi kutoka kwa mwanawe, ilimbidi aichukue mpaka Lodwar, akamsikilize karani akiisoma mbele ya watu wengine. Siri ya nyumba haikuweza kuandikwa katika barua ya namna hiyo.

Tena palikuwa na shida mbili nyingine. Ya kwanza ni kwamba wafugaji huhama kufuata majani na maji. Barua iliyoandikwa masika iliwakuta watu wamekwisha kuhama kiangazi. Ya pili ni majina. Mwanamume wa Kiturkana huweza kuitwa kwa jina la dume lake la ng'ombe alipendalo, na jina hilo ndilo linalojulikana na rika lake na wakwe zake. Karani wa jeshi aliandika jina alilolisikia siku ile, kwa herufi alizozidhani, akalitilia namba. Tangu hapo mtu huyo alikuwa na majina mawili: moja la boma na moja la daftari. Alipokufa mbali, ni lile la daftari lililotangazwa, na watu wake hawakulitambua.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari walirudishwa makwao. Walipewa bahashishi ya vita, lakini haikuwa sawa. Hati za serikali ya Uingereza zilizotangazwa mwaka 2019 zimeonyesha kwamba Mzungu alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile.

Kisha nchi yetu ikawaona askari wengine wa vita vile, safari hii wakiwa wafungwa. Bildad Kaggia, aliyetumika jeshini mpaka Mashariki ya Kati na Uingereza, alifungwa Lokitaung pamoja na Mzee Jomo Kenyatta baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyepigana Burma, naye aliletwa huko baada ya kukamatwa mwaka 1954, na Mzee Kenyatta akamfundisha Kiingereza. Wote wawili waliandika vitabu, Itote mwaka 1967 na Kaggia mwaka 1975. Kwa hiyo leo mtoto wa skuli aweza kusoma waliyoyaona. Mturkana aliyelala katika matope yaleyale ya Kabaw hakuandika kitabu. Alisimulia kwa mdomo, kando ya moto, na masimulizi hayo hupungua kila mzee azikwapo.

Wala tusidhani kwamba serikali kubwa zimekwisha kutuandikia. Kweli, karibu na Yangon uko ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya wasio na makaburi yajulikanayo, na Nairobi uko ukumbusho unaowahusu waliozama na Khedive Ismail. Lakini mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini haiwezi kumrudishia mtu jina ambalo halikuandikwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, je, si zaidi watu? Kijana wa miaka 18 aliyeuvuka Chindwin, kama angali hai, anakaribia miaka 100. Wajane na watoto ndio waliobaki na maneno. Kwa hiyo naliweka mbele ya wazee ombi hili: chama kifungue daftari moja, na kila jamaa walete mambo matatu. La kwanza, jina la boma na jina la jeshi, yaandikwe pamoja. La pili, namba ya askari, kutoka katika cheti cha kufunguliwa jeshini. Maana nyota na nishani walizopewa askari wetu kwa vita vile hazikuchorwa majina, na nyota ya Burma bila cheti haisemi ilikuwa ya nani. La tatu, nchi alikokwenda, na jina la mwenzake mmoja waliyekuwa pamoja.

Jambo hili la tatu lina faida kubwa. Mwenzake yule huenda alikuwa Mkamba, Mnandi, Msamburu au mtu wa Uganda, na jamaa zake nao huenda wanatafuta. Daftari mbili zikikutana, watoto wa watu waliogawana posho moja wataweza kupelekeana salamu. Gharama yake ni karatasi, wino na subira ya kusikiliza. Makarani tupo, nasi tu tayari kuandika; yaliyobaki yamo mikononi mwa wazee wetu.