Simu ya Mkononi na Chakula cha Shule: Mkulima wa Karibu Atauzaje?

Mpango wa chakula cha shule kinachonunuliwa nyumbani ulianza Kenya mwaka 2009. Kabla ya hapo, tangu 1980, watoto walikuwa wakilishwa kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), ambalo mwaka 2018 lilikamilisha kuikabidhi serikali kazi hiyo. Wazo lilikuwa jepesi: fedha zitumwe kwenye akaunti ya shule, kamati itangaze zabuni, na wauzaji wa karibu walete chakula.

Penye ugumu ni kutangaza. Tangazo likibandikwa ofisini, wa kwanza kulisoma ni mfanyabiashara wa mjini mwenye lori. Mkulima wa Ganze au Kinango hupata habari magunia yakishashushwa. Ujumbe mfupi wa simu hufika hata kwenye kabambe, wala hauhitaji intaneti. Ukitaja aina ya chakula, kiasi, tarehe ya mwisho na mahali pa kupeleka, unatosha.

Tupige hesabu. Kiwango cha mpango huo kimekuwa gramu 150 za nafaka, 40 za kunde, pojo au maharagwe, na 5 za mafuta kwa mtoto kwa siku. Shule ya watoto 300 hupika kilo 45 za mahindi kila siku, yaani nusu gunia la kilo 90. Kwa siku 60 za masomo ni magunia 30, pamoja na magunia 8 ya kunde.

Mkulima mdogo hana magunia 30. Lakini wakulima 15 wenye mawili mawili wanayo, na simu ndiyo inayowakusanya. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, huwawezesha kugawana malipo bila safari ya benki.

Yako yasiyotatuliwa na simu. Mahindi lazima yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo sumukuvu huingia, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi. Tena fedha za shule zikichelewa, mkulima anayedaiwa karo atamuuzia dalali kwa bei ya kutupa.

Kwa hivyo wazazi walio kwenye kamati wadai mambo mawili: zabuni itumwe kwa simu kwa vikundi vyote vya wakulima wa eneo, na baadaye utumwe ujumbe wa pili unaoeleza nani ameshinda na kwa bei gani. Bila huo wa pili, zabuni itarudi kuwa ya wanaojuana.