Mali ya Marehemu na Gharama ya Kaburi

Mtu akifa huku Oicha, majirani huchanga fedha ya matanga. Lakini ikiwa serikali ndiyo iliyolipa sanduku na kaburi, je, mali ya marehemu yaweza kudaiwa? Swali hili ni la kale.

Warumi wa zamani walishika sheria hii: gharama ya maziko hutolewa katika urithi kabla ya madeni mengine. Aliyemzika mwenziwe kwa fedha yake aliweza kuwadai warithi mbele ya hakimu. Maiti haingoji, wala si haki mwenye kuizika apate hasara.

Uingereza nayo, kwa sheria ya 1992, serikali yaweza kurudishiwa msaada wa maziko kutoka katika mali ya marehemu. Lakini nyumba aliyoachiwa mjane haihesabiwi.

Sisi tulikuwa na Ebola, iliyotangazwa upande wa Beni tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Wale waliozikwa na vikundi vya wazikaji, jamaa zao hawakutozwa kitu. Ndiyo haki, kwa kuwa maziko yale yaliwakinga wazima wote.

Mzee Tobiti aliwazika ndugu zake huko Ninawi bila kudai malipo: hiyo ni huruma. Lakini marehemu akiacha shamba la kakao, nao warithi wakaligawana huku aliyelipa sanduku angali akidai, huo ni wizi. Kwanza kaburi, kisha madeni, ndipo urithi.