Kudekeza mtoto: madhara yake anapokuwa mtu mzima

Kudekeza ni kumfanyia mtoto jambo analoliweza mwenyewe, kumpa kila anachotaka kwa sababu amelia, au kumkinga kila mara na matokeo ya alichokifanya. Mtaani tunamwita mtoto wa mayai. Akikua hivyo mwili hukomaa, lakini uwezo wa kusubiri, kukubali kukataliwa, kujituliza akiwa na hasira na kubeba majukumu hubaki nyuma.

Kwanza tuondoe hofu moja. Mama mwenye mtoto mchanga huambiwa asimbebe sana, atazoea mikono. Mtoto wa miezi ya mwanzo hajui kudeka. Analia kwa sababu ana njaa, amelowa, anaumwa au anataka joto lako. Mbebe, mnyonyeshe, mwitikie. Kudekeza huanza baadaye, mtoto anapoanza kuelewa "hapana" na sisi tunaogopa kuisema.

Kunaanzaje?

Mko dukani, mtoto wa miaka 3 anataka biskuti. Umekataa mara tano, anajitupa chini, watu wanakutazama, unanunua. Hapo amejifunza kwamba hapana ya mama huisha kwenye kilio cha sita, na kesho ataanzia hapo. Ukiamua kushikilia msimamo, jiandae: siku za kwanza kilio huongezeka kabla ya kupungua. Wazazi wengi hukubali yaishe wakati huo huo, na mtoto anajifunza kulia muda mrefu zaidi. Wahenga waliliona hili waliposema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alichunguza watoto wa shule za awali na wazazi wao katika miaka ya 1960. Watoto wa wazazi walioruhusu kila kitu walikuwa dhaifu katika kujizuia na kujitegemea. Wazazi wakali, wa kuamrisha bila kueleza, nao hawakupata matokeo mazuri. Waliofaulu zaidi ni wale waliokuwa na upendo na mipaka kwa pamoja. Kwa hiyo usiikimbilie fimbo.

Akiwa mtu mzima

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya katikati ya 20, na inahitaji mazoezi. Asiyepata mazoezi hayo utamwona anaacha kazi wiki ya pili kwa sababu msimamizi amemkaripia. Anakopa, mama analipa. Akioa anataka mke awe mama wa pili. Kila anachonyimwa anakiona ni haki yake iliyoporwa. Usidhani ana raha. Wengi wao wana woga mkubwa ndani, kwa kuwa hawajawahi kujaribu jambo gumu wakaliweza.

Mtoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo kudekeza kunapofanana sana na upendo. Umekesha wodini na mtoto mwenye selimundu, kisukari, pumu au kifafa. Ukirudi nyumbani, kumkatalia kitu unaona ni ukatili. Haoshi kikombe, hatumwi dukani, akimpiga mdogo wake anaambiwa mdogo anyamaze kwa sababu "kaka anaumwa".

Kliniki tunapokea vijana wa miaka 20 na zaidi wanaokuja na mama zao. Namuuliza kijana anatumia dawa gani, mama anajibu. Namuuliza maumivu yalianza lini, anamtazama mama. Huyu akienda chuo mkoa mwingine, nani atamkumbusha foliki asidi, maji ya kutosha na sweta wakati wa baridi? Kwa mwenye selimundu, homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni jambo la kwenda hospitali usiku huo huo. Kwa anayechoma insulini, kuruka dozi kwa siku chache tu kunaweza kumuua. Kwa watoto hawa kujitegemea ni sehemu ya matibabu.

Anza mapema. Wa miaka 6 anaweza kutaja jina la ugonjwa wake na kubeba chupa yake ya maji. Wa miaka 10 ajue majina ya dawa na saa zake, wewe ukisimamia. Wa miaka 14 aongee na mhudumu yeye kwanza, wewe uongeze alichosahau. Kabla ya miaka 18 awe ameshakwenda dirisha la dawa peke yake na anaijua tarehe ya kurudi kliniki. Nyumbani mpe kazi inayolingana na hali yake. Mwenye selimundu asichote maji ya baridi alfajiri, lakini kuchambua mchele na kukunja nguo anaweza.

Kama ameshakuwa mkubwa

Usimkatie kila kitu siku moja kwa hasira. Chagua jambo moja na umwambie mapema: "Kuanzia mwezi ujao vocha utajinunulia mwenyewe. Chakula na pa kulala vipo." Kisha kubalianeni na baba na bibi, maana bibi akitoa kisirisiri mmerudi mlipoanzia.

Kabla ya kumwita mvivu, angalia kama si mgonjwa. Kijana anayelala mchana kutwa, amejitenga, hali vizuri, haogi, anasikia sauti zisizosikiwa na wengine au anatumia dawa za kulevya anahitaji kufikishwa kituo cha afya. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Na akikutishia au kukupiga ili umpe pesa, usifiche michubuko kwa kuona aibu. Mweleze ndugu unayemwamini au mwenyekiti wa mtaa, na kwa Tanzania nenda kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Ukiwa umeumia, pitia kwetu kwanza utibiwe.