Mchango wa Nauli, Mchango wa Sanamu

Mwaka 1964 wasichana wawili wa Afrika walihitimu chuo kikuu, kila mmoja mbali na kwao. Wangari Muta wa Nyeri alimaliza biolojia katika Chuo cha Mount St. Scholastica mjini Atchison, Kansas. Sophie Kanza wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) alipata shahada ya sosholojia Geneva, na hakuna mwanamke Mkongo aliyekuwa amemtangulia kufika hapo. Mwaka huohuo Kisangani yetu, wakati huo ikiitwa Stanleyville, ilikuwa na chuo kikuu kichanga kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1963. Agosti 1964 waasi walioitwa Wasimba wakauteka mji, na masomo yakavurugika.

Wangari ndiye yule ambaye dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai. Alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Chuo chake cha zamani, ambacho siku hizi ni Benedictine College, kilizindua sanamu yake Oktoba 2014, miaka mitatu baada ya kufariki.

Lakini kabla ya sanamu kulikuwa na nauli, na habari ya nauli ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1959 mwanasiasa Mkenya Tom Mboya alizunguka Marekani akiomba fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya. Watu mashuhuri wa huko, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuomba michango, na ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilikataa kugharimia safari. Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy, na mfuko wa familia yake ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani Kenya watu walifanya harambee, mahali pengine wakinywa chai na kucheza ngoma, ili kijana wao asiende mikono mitupu. Wangari alisafiri Septemba 1960, mmoja kati ya takriban wanafunzi 300. Waliochanga hawakujua kwamba mmoja wa wanafunzi hao angekuja kusimamishiwa sanamu.

Sisi watu wa Tshopo, mkoa wa Kisangani, tuna haki ya kumwita Wangari wetu pia. Mwaka 2005 marais wa Afrika ya Kati walimfanya balozi mwema wa misitu ya bonde la Kongo. Mwaka 2008 ukazinduliwa mfuko wa kuilinda misitu hiyo, kwa fedha za Uingereza na Norwe, akiwa mwenyekiti mwenza pamoja na Paul Martin, waziri mkuu wa zamani wa Kanada. Ni misitu hii inayoanzia nyuma ya nyumba zetu na kushuka na mto hadi Yangambi, ambako wanafunzi wetu huenda kupima miti.

Sophie Kanza naye alirudi nyumbani. Oktoba 1966, akiwa na umri wa miaka 26, akawa waziri wa mambo ya jamii, mwanamke wa kwanza kuingia katika serikali ya Kongo. Baadaye alisoma Harvard hadi uzamivu. Alifariki mwaka 1999. Ningependa kuona sanamu yake katika kiwanja cha Chuo Kikuu cha Kisangani, mahali ambapo msichana wa mwaka wa kwanza atapita akienda kulipa minervali, yaani ada ya masomo.

Fedha zitatoka wapi? Kazi hii haitaki haraka, na London ina mfano wake. Mary Seacole, mwanamke wa Jamaica aliyewahudumia askari katika vita vya Krimea, alirudi London akiwa amefilisika. Julai 1857 akafanyiwa tamasha la siku nne la kumchangia fedha. Walikuja watu wapatao 80,000, lakini mikononi mwake zikafika paundi 57 tu, kwa kuwa kampuni iliyomiliki viwanja ilikuwa taabani kifedha. Karne moja na nusu baadaye wengine wakaanza kuchanga upya kwa ajili ya sanamu yake. Ilichukua miaka 12 na paundi 500,000 kutoka kwa maelfu ya watu, na serikali ikaongeza 240,000 za kuisimika. Juni 2016 ikasimama katika bustani ya hospitali ya St Thomas', kazi ya mchongaji Martin Jennings. Nyuma yake kuna bamba kubwa la shaba la mviringo, lenye sura ya ardhi ya Krimea alikofanya kazi.

Boyoma, yaani Kisangani yetu, haikosi ujuzi wa kuchanga. Mama wa soko kuu wanaendesha likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, mwaka mzima, na kila mmoja anajua zamu ni ya nani na fedha zimeshikwa na nani. Mchango wa Sophie Kanza uendeshwe vivyo hivyo: daftari liwe wazi, jina na kiasi visomwe hadharani kila mwezi, na fedha zisipite kwa mtu mwenye madeni yake. Na nusu ya kila kinachoingia iwalipie minervali wasichana waliokwama, kuanzia mwezi wa kwanza, hata kama shaba itachelewa miaka 12.