Nyimbo za Jukwaa la Kamiriithu na Swali la Ardhi

Uhakiki wa Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, umeelekea kuyapa uzito maudhui yake ya kitabaka na kuziacha nyimbo zake zionekane kama pambo. Makala haya yanashikilia kwamba nyimbo ndizo zilizobeba hoja ya kihistoria ya jukwaa la Kamiriithu. Aidha, yanadai kwamba uwezo na mipaka ya hoja hiyo hudhihirika zaidi tukiisikiliza kutoka Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, kuliko kutoka Limuru ilikozaliwa.

Tamthilia hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 1977, katika ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Mhusika wake mkuu, Kiguunda, anaishia kuupoteza mgunda wake wa eka moja na nusu kwa mkopo aliouchukua ili afunge ndoa ya kanisani. Tuchukue mfano wa mwomboko, ngoma ya vijana wa miaka ya 1940 iliyochezwa kwa akodiani, ala ya kigeni, na pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. Kiguunda na mkewe Wangeci wanapoicheza, hatua mbili na mzunguko, mazungumzo yao hayakatiki, yanahamia miguuni. Kutoka ngoma hiyo ya mapenzi wanaingia katika kumbukumbu ya Hali ya Hatari ya 1952. Hapa wimbo hausimamishi kitendo; wimbo ndicho kitendo. Ndiyo maana msomaji wa tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, iliyotoka mwaka 1982, hana budi kukumbuka kwamba maneno yamevuka lakini mahadhi yamebaki ng'ambo.

Hata hivyo, wimbo wa Kigĩkũyũ unaolilia ardhi iliyonyang'anywa huzua swali ukisikika Ndabibi: ardhi ya nani? Wamaasai walitakiwa kuondoka katika eneo la Naivasha kwa mkataba wa 1904, ili walowezi wapate nafasi. Baadaye Wagĩkũyũ wengi walikuja Bonde la Ufa kama maskwota, na sheria ya 1918 iliwataka maskwota kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kwa hiyo, machoni pa mfugaji aliyefukuzwa, mkulima anayeimba juu ya shamba lake lililopotea anaweza kuwa mgeni wa pili.

Kwa maoni yetu, Maitũ Njugĩra, tamthilia ya muziki iliyofuata, ililikabili swali hilo kwa fani kabla ya kulikabili kwa maneno. Inahusu kazi za shuruti, kodi na kipande chini ya ukoloni, na inatumia nyimbo za jamii na lugha mbalimbali za Kenya. Muziki na ngoma vinachukua nafasi kubwa kuliko mazungumzo. Kila jamii inalia kwa mahadhi yake, na kinachoziunganisha si asili moja bali jasho lililomwagika katika mashamba yale yale. Huu ndio uzuri wake, na papo hapo ndio udhaifu wake: sauti zinaweza kupatana jukwaani ilhali madai ya wenye sauti hizo bado yanagongana nje ya ukumbi.

Dola haikuuchukulia muziki huu kuwa pambo. Kama serikali ya kikoloni ilivyoupiga marufuku wimbo wa mũthĩrĩgũ mwaka 1930, ndivyo leseni ya Ngaahika Ndeenda ilivyofutwa Novemba 1977, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1982 milango ya Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza ilifungiwa Maitũ Njugĩra. Umma uliweza kuiona katika mazoezi tu, Chuo Kikuu cha Nairobi, kabla hayo nayo hayajasimamishwa. Tarehe 12 Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi wa Kamiriithu.

Waliofunga milango walitambua kwamba wimbo ni hoja. Itakuwa ajabu iwapo sisi wahakiki tutaendelea kuusoma kama maneno matupu. Utafiti wetu hauna budi kuyatafuta mahadhi kwa wale waliokuwa jukwaani na kwenye hadhira, maana wanazidi kupungua. Pia hauna budi kuyapeleka mahadhi hayo Ndabibi, ayasikie anayelima na anayechunga, kila mmoja aseme anaposikia dai lake na anaposikia likisahauliwa.