Amri za kiufundi za ndege za kivita
Katika Jeshi la Anga la Marekani, fundi wa ndege hufuata amri za kiufundi, yaani vitabu vinavyoeleza hatua za kukagua na kutengeneza kila mfumo, hata nguvu ya kukazia boliti, na ambavyo kuvikiuka ni kuvunja amri halali ya kijeshi. Hitilafu huandikwa katika fomu za mfululizo wa 781, ambamo X nyekundu, alama nzito kuliko zote, huizuia ndege kuruka mpaka mkaguzi aliyeidhinishwa athibitishe matengenezo, ilhali mstari mwekundu wa mshazari huonyesha kasoro isiyozuia safari. Uzoefu wa fundi hauchukui nafasi ya kitabu. Akigundua kosa ndani yake, hupendekeza rasmi marekebisho kwa fomu namba 22.